Dondoo Muhimu: Poka ya Senti na Programu ya Takwimu

Meza za senti 1 na 2 za dola ndizo za kujifunzia. Programu kama PokerTracker 4 huhifadhi kila mgao uliocheza na kuonyesha takwimu za wapinzani kando ya majina yao. Anza na mbili tu: VPIP, yaani asilimia ya migao ambayo mtu ametia fedha kwa hiari kabla karata za mezani hazijafunuliwa, na PFR, asilimia ya migao aliyopandisha dau katika hatua hiyo hiyo.

Ukiona 48 kwa 6, huyo huingia karibu nusu ya migao lakini hupandisha kwa nadra. Usimtishe kwa dau la uongo, atalifuata tu! Ngoja karata nzuri, kisha weka dau nono. Wa 12 kwa 10 akipandisha juu ya dau lako, tupa karata za wastani bila aibu.

Migao 20 haisemi kitu. Subiri walau 100. Ukimaliza kucheza, chuja migao iliyokula fedha zako nyingi uikague (wengi hukwepa hapa). Soma pia kanuni za tovuti: GGPoker hukataza programu hizi. Na fedha ya kodi ya nyumba isifike mezani.