Picha ni ya aliyebonyeza

 Mdogo wangu wa Mlingotini, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikakuonea huruma, maana na mimi nimewahi kupita hapo hapo.

Kwa wasomaji ambao hawajui kisa: binti amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo. Badala ya kushinda kwenye tamthilia za Kituruki, ameamua kuandika makala ya kijiji chake cha wakulima wa mwani, huko Bagamoyo, kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo huru iliyoanza mwaka 2003. Maneno ameyapata: wazee wamemsimulia, mwalimu wake amemsahihishia. Akaona makala bila picha ni kama wali usiotiwa nazi. Akaingia mtandaoni, akatafuta “mwani Bagamoyo”, ikaja picha moja safi kweli kweli, akina mama wameinama majini na vilemba vyao vya rangi. Akaipakua, akaipakia. Siku ya tatu haipo. Kwenye ukurasa wake wa majadiliano kuna ujumbe mrefu wa Kiingereza, wa adabu lakini mkavu, kwamba picha imefutwa kwa sababu ya hakimiliki. Kaka yake, ambaye nyumbani ndiye fundi wa kila kitu chenye waya, akamwambia wala asihangaike, aandike tu kwamba ni “matumizi ya haki” na picha itarudi. Haikurudi.

Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu: “Dada, bahari ni yetu, mwani ni wetu, na mmoja wa wale akina mama ni shangazi yangu. Inakuwaje mtu wa mbali aseme picha si yetu?”

Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, nami silijibu kwa kukuzungusha. Bahari ni yenu. Shangazi ni wako. Picha si yako.

Samaki akiwa majini ni wa yeyote mwenye mshipi. Akishaingia kwenye ngalawa ya mtu, hakuna anayetia mkono kwenye tenga akachukua changu wawili na kusema bahari ni ya wote. Mwenye ngalawa ameamka saa tisa usiku. Na yule mpiga picha naye alisimama kwenye maji ya magoti, akasubiri jua likae vizuri, akabonyeza. Kile kipande cha mwanga alichokinasa ndicho tenga lake. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda tangu anapobonyeza. Si lazima aandike jina lake pembeni ya picha, si lazima aisajili, si lazima aweke ile alama ya herufi C ndani ya duara. Ulinzi huo unaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo ile hoja yako kwamba “haikuandikwa jina la mtu” haina nguvu, mdogo wangu. Ngalawa isiyopakwa rangi nayo ina mwenyewe.

Anayelindwa ni aliyebonyeza, si anayeonekana kwenye picha wala mwenye simu. Kuna kisa kilichochekesha dunia. Kima mmoja kule Indonesia alichezea kamera ya mpiga picha wa Uingereza, David Slater, akajipiga mwenyewe huku meno yote yako nje. Picha ikawekwa Wikimedia Commons, ile ghala ya picha ambako Wikipedia za lugha zote huchota. Slater akataka iondolewe, wenye ghala wakakataa: aliyebonyeza ni mnyama, na mnyama hana hakimiliki. Mwaka 2014 ofisi ya hakimiliki ya Marekani nayo ikasema kazi ya mnyama haisajiliki. Nakupa kisa hiki ujue kwamba wale watu wakiuliza “nani alibonyeza?” hawatanii.

Sasa na mimi niungame. Miaka kadhaa nyuma kikoba chetu kilitaka kalenda. Nikajitolea kuitengeneza, na ukurasa wa mwezi wa saba nikaweka picha ya jahazi niliyoikuta mtandaoni. Tukachapa, tukauza, tukasifiwa. Jioni moja simu ikaita, namba nisiyoijua, sauti ya kijana, mpole: “Shikamoo dada. Nimeona jahazi langu ukutani kwenye saluni.” Hakupiga kelele. Aliniambia tu kwamba siku ile alilala ufukweni ili aipate ile picha alfajiri. Tulimlipa kutoka kwenye mfuko wa kikoba, na mwenyekiti wetu hakuniangalia usoni kwa mwezi mzima.

Turudi kwa kaka yako na “matumizi ya haki” yake. Hakubuni, jambo hilo lipo. Liko kwenye sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, kifungu cha 107, nalo linatuhusu kwa sababu Wikimedia Foundation, taasisi inayoiendesha Wikipedia, ni ya Marekani. Sheria inasema kazi ya mtu inaweza kutumika bila ruhusa kwa mambo kama kuhakiki, kutoa habari au kufundisha, lakini hakimu atapima mambo manne: umeitumia kwa nia gani, ni kazi ya namna gani, umechukua kiasi gani, na je, umemharibia mwenyewe soko lake. Sheria yetu nayo ina milango yake midogo, kwa nukuu na kwa kufundishia, nayo inataka utaje chanzo na jina la mwenye kazi. Ila hakuna nchi ambayo neno “elimu” peke yake ni kibali cha kuchukua chochote. Wengi wetu hapo ndipo tunapojidanganya.

Na Wikipedia yenyewe imejifunga kamba fupi kuliko ile ambayo sheria inairuhusu. Mwaka 2007 Wikimedia Foundation iliagiza kwamba lugha yoyote inayotaka kutumia picha zisizo huru iwe na kanuni yake ya maandishi, tena finyu. Wikipedia ya Kiingereza ina masharti kumi. Wajerumani hawataki kabisa. Na Commons, ile ghala, haipokei hata picha moja kwa hoja hiyo. Kwa hiyo ukipakia Commons halafu ukaandika alichokwambia kaka yako, umejifutia mwenyewe.

Katika yale masharti ya Kiingereza, lipo moja ambalo nataka ulishike: picha isiyo huru haikubaliwi ikiwa picha huru ipo au inaweza kupigwa. Chukua marehemu Hukwe Zawose, mpiga ilimba aliyefundisha chuo cha sanaa hapo Bagamoyo, akafariki 2003. Hakuna atakayempiga picha leo. Ukikosa picha huru yake, hapo unaweza kusimama na kujieleza: picha moja, ndogo, kwenye makala yake tu, chanzo kimetajwa. Jalada la kitabu katika makala ya kitabu hicho, hali kadhalika. Lakini wanawake wa mwani wa Mlingotini? Wako hai. Kesho maji yakipwa watashuka. Hata mhariri aliyekaa Oslo anajua kwamba kuna mtu anaweza kwenda na kuwapiga picha, na mtu huyo ni wewe.

Wewe umeona umenyimwa. Mimi naona umetumwa.

Kabla hujaenda, kuna jambo moja linaniuma, ngoja nilitoe. Commons kuna picha nyingi za pwani yetu za zamani za Mjerumani mmoja, Walther Dobbertin, aliyefanya kazi ya kamera hapa enzi za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hifadhi ya nyaraka za taifa la Ujerumani, Bundesarchiv, iliweka humo picha zaidi ya 80,000 mwezi Desemba 2008, zake zikiwemo, kwa sharti kwamba anayezitumia ataje jina la mpiga picha na la hifadhi. Dobbertin alikufa 1961. Kwa miaka 50 ya sheria yetu, haki zake ziliisha mwaka 2011. Kwa miaka 70 ya kwao, mpaka 2031. Zitumie, zimeruhusiwa, ila fuata sharti. Kinachoniuma ni hiki: jina lake limeandikwa, tena inabidi liandikwe kila mara. Askari waliosimama kwenye jua, wapagazi, wanawake wenye mitungi, wengi wao hawana jina. Sheria haina dawa ya hilo. Wewe unayo, kwa sehemu yako, na ndiyo maana nataka uende.

Basi sikiliza. Subiri bamvua, maji yatoke mbali na vigingi vionekane. Nenda asubuhi, jua la saa sita linaua sura za watu. Futa lenzi ya simu kwa khanga, chumvi ya bahari inaweka ukungu ambao hutauona mpaka umerudi nyumbani. Usisimame juu ukapiga migongo; chuchumaa, upate mikono ya shangazi ikifunga kishada cha mwani kwenye kamba, na ile kamba imenyooka kutoka kigingi mpaka kigingi. Msomaji wa Kigoma ambaye hajawahi kuona mwani atajifunza zaidi kwa ile mikono kuliko kwa bahari nzima ya bluu. Piga pia mwani ukiwa umeanikwa, kwa sababu wengi hawajui unavyobadilika rangi ukikauka.

Ila uombe kwanza. Hakimiliki itakuwa yako, sura ni ya mtu. Waamkie, kaa nao, waambie picha inakwenda wapi, na usiwafiche neno gumu: leseni ya Creative Commons utakayoichagua inamruhusu yeyote duniani kuitumia, hata kwa biashara, mradi akutaje. Kesho hoteli inaweza kuiweka kwenye kipeperushi na wasilipwe hata mia. Usiahidi kwamba ni “kwa elimu tu”, kwa sababu picha yenye sharti la kukataza biashara Commons hawaipokei, na leseni ukishaitoa hairudishwi. Mama akisema hapana, ni hapana. Piga mikono bila sura, au piga kamba. Tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, lakini hata isingekuwepo, utamwambia nini shangazi ukikutana naye kisimani? Na akikubali, muulize kama anataka jina lake liandikwe kwenye maelezo ya picha. Wengine watapenda. Liandike sawasawa, kama anavyolitamka yeye.

Ukipakia, pakia faili lenyewe lililotoka kwenye kamera. Usijitumie kwanza kwa WhatsApp, maana WhatsApp inaikamua picha, inaondoa tarehe na aina ya simu, na picha ndogo isiyo na taarifa hizo ndiyo inayowatia wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, shaka kwamba imeokotwa mahali. Chagua “kazi yangu mwenyewe” kwa ulichopiga wewe tu. Kama rafiki yako ndiye aliyebonyeza, hata kwa simu yako, ni yake. Aipakie yeye, au aandike barua pepe ya ruhusa kwa wale wa kujitolea wanaozipokea. Na kama bado unaitamani ile picha ya kwanza, mtafute mwenyewe umwombe. Wapo wanaokubali. Ila “nimeruhusu Wikipedia tu” haitoshi, lazima akubali leseni yote.

Umeuliza pia kuhusu ile picha ya babu yako iliyopigwa studio mjini Bagamoyo, iliyoko sebuleni kwenye fremu. Fremu ni yenu, karatasi ni yenu. Haki kwa kawaida ni ya fundi aliyebonyeza, na kama amefariki, ni ya warithi wake mpaka miaka 50 iishe. Bagamoyo si New York. Uliza wazee, ndani ya siku mbili utakuwa umekaa barazani kwa mtoto wa yule fundi, na nadhani atafurahi kwamba kuna mtu anakumbuka kazi ya baba yake.

Kuhusu magofu ya Kaole, hapo hapo Bagamoyo, usihofu. Aliyejenga msikiti wa pale katika karne ya 13 hadai chochote. Ukiyapiga picha magofu mwenyewe, picha ni yako. Lipa tu kiingilio na usipande juu ya makaburi.

Kaka yako mwambie nimemsalimia, na akusindikize kubeba viatu, maana mikono yako yote miwili itakuwa kwenye simu. Ichaji usiku. Ukishapakia, niandikie jina la faili, nataka kuiona mikono ya shangazi.