Somo la 6: Msichana Asiyetajwa Jina

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wafalme 5; Luka 4:24–27; Kutoka 20:8–11; Kumbukumbu la Torati 5:12–15; Wakolosai 4:1; Yakobo 5:4.

Fungu la kukariri: Mathayo 5:16.

Tukitaja mvuto wa Mkristo kwa wengine, wengi wetu huwaza mara moja juu ya efoti: mhubiri, vipaza sauti, viti vilivyopangwa uwanjani, na mwisho ubatizo. Hizo ni baraka na tuendelee kuzifanya. Lakini mtu wa kwanza kumwelekeza Naamani kwa Mungu wa Israeli hakuwa na mimbari wala uhuru wa kutoka nje ya lango. Alikuwa mtumishi wa ndani, na mdogo wa umri. Katika sura hiyo hiyo yumo mtumishi mwingine, Gehazi, aliyekaa karibu sana na nabii. Juma hili tuwaangalie wote wawili.

Jifunze somo hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Ndani ya Nyumba ya Adui

Soma 2 Wafalme 5:1–3. Msichana huyu alifikaje Shamu? Alipoteza nini?

Biblia inatumia maneno machache sana juu yake. Vikosi vya Shamu vilivuka mpaka, vikateka, na yeye akawa sehemu ya nyara. Hatujui kama wazazi wake waliuawa au walibaki wakimlilia. Tunajua tu kwamba aliwekwa kumtumikia mke wa Naamani, na Naamani alikuwa jemadari wa jeshi lile lile lililomteka.

Tusiharakishe hapa. Wako walimu wanaomfanya binti huyu kuwa picha ya furaha, kana kwamba utumwa haukumuuma. Fungu halisemi hivyo. Mtoto aliyetekwa ana haki ya kulia, na huenda alilia usiku mwingi. Kinachoshangaza ni kwamba alipouona ugonjwa wa bwana wake hakuufurahia. Angeweza kusema moyoni kwamba Mungu amemlipia kisasi. Badala yake alimtakia uzima na kumwambia bibi yake kwamba yuko nabii Samaria.

Sasa soma Luka 4:27. Yesu anasema kwamba wenye ukoma walikuwa wengi katika Israeli siku za Elisha, wala hakutakaswa hata mmoja ila Naamani. Hii ina maana kwamba msichana huyu hakuwahi kumwona Elisha akimponya mkoma. Hakuwa akisimulia jambo aliloliona likitendeka, ila alimjua Mungu wa Elisha vya kutosha kusema kwamba hata hili analiweza. Mtu fulani, nyumbani kwao, alimfundisha kabla hajatekwa. Wazazi wa watoto wa darasa la chekechea na la msingi, hapa pana neno lenu.

JUMATATU
Neno Lililopanda Hadi kwa Mfalme

Soma 2 Wafalme 5:4–14. Fuatilia safari ya neno la msichana: lilipita kwa nani na nani?

Kutoka kwa mjakazi hadi kwa bibi, kutoka kwa bibi hadi kwa jemadari, na kutoka kwa jemadari hadi kwa mfalme wa Shamu. Naamani akafunga safari na talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi. Talanta moja ilikuwa na uzito wa kilo thelathini hivi na zaidi, kwa hiyo fedha peke yake ilikuwa mzigo wa kilo mia tatu au zaidi. Mzigo wote huo ulifungwa kwa sababu ya sentensi moja ya mtoto wa jikoni.

Kwa nini walimwamini? Sura haielezi. Lakini sisi tulioishi na watu katika nyumba moja tunajua jinsi mambo yanavyokwenda. Kama angekuwa mwongo au mdokozi, au angekuwa anasema hivi mbele ya bibi na vingine sokoni, nani angeondoka mjini kwa neno lake? Mwenendo wake wa kila siku ulikuwa umekwisha kumtengenezea njia kabla hajafungua kinywa.

Mfalme wa Israeli, aliyeishi karibu na nabii, alipopokea barua alirarua mavazi yake. Hakumkumbuka Elisha. Msichana wa ugenini alimkumbuka.

Naamani naye nusura arudi na ukoma wake, maana alitegemea heshima kubwa zaidi ya kutumwa kuoga katika Yordani wakati Abana na Farpari za Dameski zipo. Walioyaokoa mambo walikuwa watumishi tena, wakimwita baba na kumsihi kwa upole. Alipozama mara ya saba, nyama ya mwili wake ikawa kama ya mtoto mdogo. Katika Kiebrania, maneno yanayomwelezea mtoto huyo ni yale yale yaliyomwelezea msichana katika fungu la 2, isipokuwa lile ni la kike na hili la kiume. Jemadari alitoka majini akifanana na mjakazi wake.

JUMANNE
Udongo wa Nyumbu Wawili

Soma 2 Wafalme 5:15–19.

Naamani aliomba udongo wa Israeli wa kubebwa na nyumbu wawili, kisha akaeleza tatizo lake la hekalu la Rimoni, ambako mfalme humwegemea. Elisha hakumpa orodha ya masharti. Alimruhusu aende kwa amani. Muumini mchanga ana maswali ambayo hayajaiva, na mara nyingine sisi wazee wa kanisa tunayachuma yakiwa mabichi.

JUMATANO
Kiapo Kimoja, Midomo Miwili

Soma 2 Wafalme 5:15–27. Linganisha kiapo cha Elisha katika fungu la 16 na cha Gehazi katika fungu la 20.

Elisha aliapa kwa BWANA aliye hai kwamba hatapokea kitu. Gehazi aliapa kwa BWANA yule yule kwamba atakimbia akapokee kitu. Jina takatifu limetumika mara mbili, mara ya pili kama kifuniko cha tamaa.

Tuone uzito wa jambo hili. Naamani alitoka katika nchi ambamo miungu huhongwa. Alikuja na mzigo wa fedha kwa sababu hakujua njia nyingine. Elisha alipokataa, Naamani alijifunza kwamba Mungu wa Israeli hauzi uponyaji. Huenda hilo lilikuwa fundisho kubwa kuliko ngozi mpya. Ndipo Gehazi anakuja mbio, anatunga habari za wana wa manabii wawili wenye shida, anaomba talanta moja ya fedha na mavazi mawili. Naamani, kwa shukrani, anampa talanta mbili, zikabebwa na watumishi wawili. Gehazi hakuchukua fedha tu. Alimpelekea muumini mpya bili ya neema.

Katika fungu la 26 Elisha anamtajia Gehazi mambo aliyokuwa akiyawaza: mizeituni, mashamba ya mizabibu, kondoo, ng'ombe, watumwa na wajakazi. Wajakazi! Mwisho wa ndoto ya Gehazi kuna binti mwingine wa kumtumikia. Alipita karibu na matunda ya imani ya mjakazi mmoja, na alichotamani ni kumiliki wengine.

Ukaribu na mambo matakatifu haukumbadilisha. Mtu anaweza kubeba funguo za kanisa kwa miaka ishirini, akajua taratibu zote za meza ya Bwana, na muuza duka wa mtaani bado anamdai unga wa mwezi jana. Muuza duka huyo hatasoma vijizuu vyetu. Anasoma daftari lake la madeni.

ALHAMISI
Sabato ya Dada wa Kazi

Soma Kutoka 20:10 na Kumbukumbu la Torati 5:14, 15. Nani wametajwa katika amri, na sababu gani imetolewa katika Kumbukumbu la Torati?

Wengi wetu leo hatuko mahali pa msichana. Tuko mahali pa bibi yake. Katika nyumba zetu yumo binti aliyetoka kijijini, mara nyingi wa dhehebu lingine, anayelea watoto wetu na kutujua kuliko mchungaji anavyotujua. Amri ya nne inamtaja mtumishi wa kike waziwazi, na Musa anaongeza kwamba Israeli wakumbuke walikuwa watumwa Misri.

Basi tuulize mambo madogo. Siku ya Maandalizi, kazi ya kupika na kufua inagawanywa kwa wote, au inamwangukia yeye mpaka saa tano usiku? Sabato mchana, tunapoleta wageni kumi kutoka kanisani, nani anaosha vyombo? Mshahara wake unatolewa tarehe iliyokubaliwa, au kwanza tunalipa kila mtu mwingine? Wakolosai 4:1 na Yakobo 5:4 hayahitaji ufafanuzi mrefu.

Siku moja binti huyo ataondoka, ataolewa, ataulizwa na jirani zake Wasabato ni watu wa namna gani. Jibu lake litasikilizwa kuliko somo la Biblia kwa njia ya posta.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma sura iitwayo "Naamani" katika kitabu cha Ellen G. White, Manabii na Wafalme.

Maswali ya kujadili:

1. Msichana alimtakia mema mtu aliyehusika na utekwa wake. Je, kumtakia mema aliyekutenda uovu ni sawa na kunyamaza juu ya uovu huo? Darasa lizungumze kwa uangalifu, kwa kuwa huenda aliyeumizwa ameketi humo humo.

2. Ni wapi katika kanisa letu neema inaweza kuonekana kana kwamba inauzwa, hasa kwa mgeni au muumini mpya?

3. Ikiwa tungemwalika mtumishi wa nyumba moja ya waumini aeleze, bila hofu ya kufukuzwa kazi, jinsi Sabato inavyokuwa katika nyumba hiyo, tungependa asikilizwe na nani? Na juma lijalo, kabla jua halijatua Ijumaa, kila mmoja wetu atabadilisha nini jikoni kwake?