Mvule: Thamani ya Mbao Iko Kwenye Kiini

Mkazi anayeuza mvule wa shambani mwake na mnunuzi anayelipia mbao zake wanafaa kujua jambo moja: uimara unaousifia mti huu umo kwenye kiini chake, na kiini huchukua miongo mingi kukomaa.

Mvule, ambao wataalamu huuita Milicia excelsa, ni mti wa asili wa Afrika. Katika Kaunti ya Kwale, unapatikana kwenye msitu wa Shimba Hills. Mti uliokomaa unaweza kufikia urefu wa mita 50.

Sifa na matumizi

Gogo la mvule likipasuliwa huonyesha sehemu mbili. Ya nje ni nyeupe na huharibiwa na wadudu kwa urahisi. Ya ndani, yaani kiini, huwa ya manjano ikiwa mbichi, kisha hugeuka kahawia. Kiini hustahimili mchwa na kuoza, na hakipindi sana kikikauka. Mita moja ya ujazo ya mbao kavu huwa na uzito wa takriban kilo 650. Kwa sababu hizo, mbao hizi hutengenezewa milango, fremu za madirisha, fanicha, sakafu na vyombo vya baharini.

Mafundi wawe waangalifu. Ndani ya gogo huweza kuwa na vipande vigumu vya chokaa, vinavyojulikana kama mawe ya mvule, ambavyo hufanya msumeno kuwa butu. Vumbi lake huwasha ngozi na kusababisha chafya, hivyo ni vyema kuvaa barakoa.

Hasara ya kukata mapema

Mvule mchanga una kiini kidogo; sehemu kubwa ya mbao zake ni ile nyeupe. Anayemuuzia dalali mti kama huo hupata hasara mara mbili: hulipwa kidogo leo, na hukosa bei ambayo mti ungefikia ukikomaa. Mnunuzi naye akiletewa mbao nyeupe kwa jina la mvule, akumbuke kwamba hazina uimara anaoulipia.

Kuna hasara nyingine. Mvule huwa na mti dume na mti jike. Ni jike pekee anayezaa mbegu, naye huhitaji dume karibu. Ukikatwa mmoja kati ya miwili iliyobaki kijijini, huenda mbegu zikakosekana.

Ushauri kwa wakulima

Miche ya mvule hushambuliwa na kidudu kinachosababisha vinundu kwenye majani na machipukizi, kisha ncha hukauka. Kuipanda ikiwa imechanganywa na miti mingine, penye kivuli kiasi, hupunguza madhara hayo kuliko kuipanda peke yake.

Kabla ya kukata au kusafirisha mbao, mkazi afike katika ofisi ya Huduma ya Misitu Kenya (KFS) iliyo karibu ili kupata maelezo kuhusu vibali. Mbao zinazosafirishwa bila kibali zinaweza kuzuiliwa njiani.