USALAMA NYUMBANI: KUNI KAVU, MBABULA NZURI

Wafanyakazi na mama wa nyumba wa Lubondja! Shimoni tunaogopa hewa mbaya. Na nyumbani je? OMS ilikadiria kwamba moshi wa majiko ya nyumbani uliua watu milioni 3,2 duniani mwaka 2020.

1. Kuni: zipasueni, zianikeni hadi zikauke. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi, joto kidogo.

2. Mbabula: chagueni yenye udongo wa kuchomwa ndani, kama ile iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Inashika joto, inakula makala kidogo.

3. Hewa: makala mekundu hayana moshi, lakini yanatoa gazi isiyo na harufu, inayoua. Kichwa kinauma? Tokeni nje upesi.

Usiku wa baridi, mbabula isiingie chumbani mnamolala watoto.