Kuchaji Motokaa kwa Jua la Ifakara



Siku ya kikao cha wazazi, mzazi mmoja aliniuliza hivi: mpunga ukiuzwa vizuri mwaka huu, je, yafaa anunue motokaa inayotumia umeme, aweke sola juu ya bati, aichaji nyumbani, aachane na petroli? Au hayo ni maneno ya mjini tu? Swali ni jema, tena ni la fedha nyingi. Nimeona nilijibu hapa, ili na ninyi wanafunzi mjue kwamba hesabu ya darasani yaweza kuokoa mavuno ya mwaka mzima.

1. Kipimo

TANESCO hutuuzia umeme kwa uniti. Uniti moja ni nguvu ya wati 1,000 iliyotumika kwa muda wa saa moja. Taa ya wati 10 itawaka muda wa saa 100 kwa uniti moja. Betri ya motokaa nayo hupimwa kwa uniti, kama debe linavyopima mpunga. Nissan Leaf za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 2010, zilikuwa na betri ya uniti 24. Motokaa ndogo ya namna hiyo huenda kilometa 6 au zaidi kwa uniti moja katika lami nzuri. Kwa njia zetu za vumbi na matope, tuhesabu kilometa 5 tu. Mwenye kuhesabu kwa uangalifu halali njiani.

Sasa tazameni. Kutoka Ifakara hadi Kidatu ni kama kilometa 67. Kwenda na kurudi ni 134. Tukigawa kwa 5 twapata karibu uniti 27, kumbe betri ina 24. Na motokaa iliyokwisha kutumika miaka mingi, betri yake imechakaa. Ikibaki robo tatu ya nguvu zake, yaani uniti 18, itakwenda kilometa 90. Kidatu utafika, lakini kurudi hutarudi mpaka uchaji huko kwanza. Hiyo basi ni motokaa ya kuzungukia mji na vijiji vya jirani.

2. Mahitaji ya siku

Wengi hudhani kwamba betri lazima ijazwe tangu mwanzo kila siku. Sivyo. Tunarudisha kile tulichotumia tu. Mtu anayekwenda kilometa 30 kwa siku ametumia uniti 6. Lakini umeme hupotea njiani: paneli hupata joto na vumbi, inveta nayo hula sehemu yake, na chaja vilevile. Kati ya sehemu nne, tuseme tatu ndizo zinazofika kwenye magurudumu. Kwa hiyo ili tupate uniti 6, paneli zitoe uniti 8.

Jua la asubuhi na la jioni ni hafifu. Tukikusanya jua lote la siku moja, tukalifanya kuwa jua kali la adhuhuri, kwetu twaweza kuhesabu muda wa saa 4. Siku za kiangazi huzidi, na siku za mvua nyingi za masika hupungua. Uniti 8 tukigawa kwa 4 twapata wati 2,000. Hizo ni paneli 5 za wati 400. Kila moja ni kama meta mbili za mraba, jumla meta 10 za mraba. Nyumba ya kawaida hapa Ifakara ina bati la kutosha. Bati basi si tatizo. Tatizo ni saa.

3. Jua haliwekwi

Jua la saa sita mchana lisipokamatwa saa sita, limekwenda. Na mchana ndio wakati ambao gari liko safarini. Hapa ndipo wengi hukosea.

Tujifunze kwa jirani zetu. Huko Masai Mara, nchini Kenya, kambi ya watalii ya Emboo imetumia magari ya umeme yanayochajiwa kwa jua. Huko Nairobi, kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka 2022, iliondoa injini katika magari ya safari ikatia mota na betri. Kwa nini jambo hili lilifaa mbugani? Wanyama hutazamwa alfajiri na jioni. Adhuhuri watalii hupumzika, na gari nalo limeegeshwa. Ratiba ya gari imelingana na ratiba ya jua.

Ndiyo kanuni ninayotaka mwikumbuke: jua haliingoji motokaa, motokaa ndiyo iingoje jua. Mwenye duka ambaye gari lake hulala nyumbani tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri atafaidika. Mwalimu au muuguzi anayeondoka na gari asubuhi akarudi jioni, paneli za nyumbani hazimsaidii, isipokuwa anunue betri nyingine kubwa ya kuhifadhi umeme, na hiyo ni gharama ya pili.

Dereva wa bodaboda je? Pikipiki ya umeme huenda kama kilometa 25 kwa uniti moja. Akienda kilometa 100 kwa siku, ametumia uniti 4, na paneli 4 za wati 400 zatosha. Awe na betri mbili za uniti mbili mbili. Ya kwanza itumike asubuhi, wakati ya pili inachajiwa nyumbani. Saa sita abadilishe. Huko Kigali, madereva wa pikipiki za kampuni ya Ampersand wamekuwa wakibadilishana betri namna hiyo vituoni tangu mwaka 2019.

4. Mambo ya kumwuliza fundi

Kwanza, motokaa haikubali umeme mdogo mno. Kwa kawaida chaja huhitaji angalau ampea 6. Zidisha kwa volti 230, utapata wati 1,380. Wingu likipita, paneli zikashuka chini ya hapo, kuchaji kunakatika. Kwa hiyo inveta iwe ya namna inayopokea pia umeme wa TANESCO, au iwe na betri ndogo ya kusaidia.

Pili, Ifakara iko kama nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Jua hutupita utosini mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Mwezi wa Juni huwa upande wa kaskazini. Paneli zielekezwe kaskazini kwa mwinamo mdogo, ili mvua ioshe vumbi.

Tatu, kivuli. Paneli zilizounganishwa kwa mfuatano ni kama watu wanaopokezana ndoo za maji: mmoja akizubaa, wote wanachelewa. Tawi la mwembe likifunika paneli moja, mstari mzima waweza kudhoofika.

Nne, mafuriko. Mto Lumemo ukifurika, maji huingia majumbani. Inveta na betri zifungwe juu ukutani, na kazi hiyo afanye fundi umeme aliyesomea.

Wala tusiudharau umeme wa TANESCO. Bwawa la Kidatu lina mitambo ya megawati 204, na Kihansi, katika bonde letu hili, megawati 180. Maji ya Kilombero huingia Rufiji, na huko mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, ilianza kufanya kazi mwaka 2024. Ni jua lililoyapandisha maji hayo angani yakawa mvua. Anayechaji usiku kwa LUKU naye anatumia jua, ila limepita mtoni.

5. Kabla ya kuuza mpunga

Mzazi wangu aandike karatasini safari zake za mwezi mmoja. Akiona safari nyingi ni za Mikumi na Morogoro, asubiri kwanza. Zikiwa za mjini, na gari hukaa nyumbani mchana, aendelee kuhesabu. Gari la petroli linalokwenda kilometa 12 kwa lita hutumia lita 2.5 kwa kilometa 30. Kwa siku 300 ni lita 750. Azidishe kwa bei ya petroli ya leo. Hiyo ndiyo akiba ya mwaka. Kisha achukue gharama yote, yaani gari, ushuru, paneli, inveta na fundi, atoe bei ambayo angeliuza gari lake la sasa, agawe kwa akiba hiyo. Atapata idadi ya miaka ya kurudisha fedha. Paneli nzuri hudumu miaka 20 au zaidi, lakini betri haidumu hivyo. Miaka hiyo ikizidi umri wa betri, mpunga ubaki ghalani.

Maswali

1. Muuguzi husafiri kilometa 45 kwa siku. Atahitaji paneli ngapi za wati 400?
2. Siku ya mawingu ikitoa muda wa saa 2 tu za jua kali, paneli 5 zitampeleka mtu kilometa ngapi?
3. Mwulizeni dereva mmoja wa bodaboda hutumia lita ngapi kwa siku. Mfanyieni hesabu ya mwaka, mkamwonyeshe.