Stollen Bila Ramu, Hapa Hapa Doha

Mapishi mengi ya Stollen, mkate wa Krismasi wa Wajerumani, huanza kwa kuloweka zabibu kwenye ramu, na ramu huikuti kwenye maduka ya kawaida ya Doha. Wengi huishia hapo. Mimi naona roho ya mkate huu ni siagi, viungo na subira, na siku yangu ya kuoka ni 18 Desemba, Sikukuu ya Taifa ya Qatar, wakati watu hawaendi kazini. Inabaki wiki moja kabla ya Krismasi, na mkate unaihitaji.

Siagi usiipunguze. Zamani Kanisa liliikataza katika mfungo wa kungojea Krismasi, mkate ukawa mkavu na hauna ladha, mpaka Papa Innocent VIII alipowaruhusu watu wa Saxony mwaka 1491. Leo mkate unaouzwa kwa jina la Dresden, mji wa huko Saxony, lazima siagi yake ifike nusu ya uzito wa unga.

Zabibu, lozi, iliki na kungumanga nanunua Souq Waqif. Iliki chukua nzima, utwange mwenyewe. Usiku wa kuamkia kuoka, loweka gramu 350 za zabibu kwenye juisi ya machungwa ya moto pamoja na kijiti cha mdalasini. Asubuhi zichuje, uzikaushe kwa kitambaa, maana zikiwa na maji mkate utaota ukungu upesi.

Saga gramu 100 za lozi zilizomenywa na sukari laini kiasi hicho hicho, ukande kwa maji ya waridi kidogo kidogo. Hiyo ndiyo marzipani, na sisi tuliokulia Tanga harufu yake inatukumbusha halua.

Pima gramu 500 za unga wa ngano. Theluthi yake changanya na mililita 150 za maziwa vuguvugu na kijiko cha hamira, usubiri ifanye povu. Ongeza unga uliobaki, siagi laini gramu 250, sukari gramu 60, chumvi, viungo na ganda la limau lililokwaruzwa. Kanda kwa moyo. Kiyoyozi huchelewesha kuumuka, basi weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa. Ukishaumuka, tia zabibu, maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari na lozi zilizokatwakatwa.

Tandaza donge, laza marzipani iliyoviringishwa, kunja upande mmoja juu ya mwingine. Acha uumuke tena, kisha oka kwa nyuzi 170 kama dakika 50. Ukiwa bado moto, upake siagi iliyoyeyushwa mara mbili tatu, unyunyize sukari. Ukipoa, ufunike wote kwa sukari laini. Funga kwa karatasi ya foili, weka kwenye friji, kwa sababu bila ramu haudumu sana. Uliwe ndani ya wiki mbili.

Siku ya kula, anza kukata katikati, halafu sukuma nusu mbili zikutane, ili ndani kusikauke.