Mada ya 9: Kuweka Seva Nyuma ya Ukuta wa Moto

Malengo

Baada ya kupitia mada hii, mwanafunzi uweze:
(a) kueleza kazi ya ukuta wa moto;
(b) kutaja poti za huduma zinazotumika sana;
(c) kutafuta, hatua kwa hatua, sababu ya seva kutofikika;
(d) kufungua poti inayohitajika bila kuiacha seva wazi.

9.1 Ukuta wa moto ni nini?

Ukuta wa moto ni programu au kifaa kinachokagua pakiti za data zinazoingia na kutoka kwenye kompyuta au mtandao, kisha kuziruhusu au kuzizuia kwa kufuata kanuni zilizowekwa.

Fikiria kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019. Lori halivuki kwa sababu dereva anafahamika. Linavuka kwa sababu nyaraka zake ni sahihi. Ukuta wa moto nao husoma "nyaraka" za pakiti: anwani ya IP inakotoka, anwani inakokwenda, itifaki (TCP au UDP) na namba ya poti.

Poti ni namba inayotambulisha huduma ndani ya kompyuta. Namba hizo huanzia 0 hadi 65535. Zikariri hizi:

21 – FTP (kuhamisha mafaili)
22 – SSH (kuongoza seva ukiwa mbali)
25 – SMTP (kutuma barua pepe)
53 – DNS (kutafuta anwani ya jina la tovuti)
80 – HTTP (tovuti)
443 – HTTPS (tovuti iliyosimbwa)
3306 – MySQL (hifadhidata)

Kwa kawaida, ukuta wa moto huruhusu maombi yanayoanzia ndani na huyakumbuka, ili majibu yake yapite. Ombi linaloanzia nje huzuiwa mpaka iwepo kanuni ya kuliruhusu. Ndiyo maana kompyuta ya shule hufungua tovuti za nje bila shida, lakini mtu wa nje hawezi kuifungua seva ya shule. Kila unapokutana na swali la mada hii, jiulize kwanza: nani ameanza mawasiliano?

9.2 Mfano wenye jibu

Swali. Chukulia kuwa shule moja ya sekondari huko Galula, Mkoa wa Songwe, ina seva ya Ubuntu yenye programu ya Apache. Anwani ya seva ni 192.168.1.10, na ndani yake kuna nukuu za masomo na mitihani iliyopita. Wanafunzi waliopo kwenye chumba cha kompyuta wanaifungua vizuri. Mwenzao aliye likizo Tunduma, anayetakiwa kujiandaa na mtihani wa taifa, haipati. Tafuta tatizo na ulitatue. (Alama 10)

Jibu. Anza ndani, kisha tembea kuelekea nje. Kila jaribio linapima kizuizi kimoja.

Hatua ya 1: Programu. Ukiwa kwenye seva yenyewe, fungua http://localhost. Ukurasa usipofunguka, Apache haifanyi kazi. Iwashe kwanza, ukuta wa moto hauhusiki.

Hatua ya 2: Ukuta wa seva. Kwenye kompyuta nyingine ya chumba hicho, fungua http://192.168.1.10. Ikishindikana, kagua mambo mawili. Kwanza, andika amri ss -tln uone Apache inasikiliza wapi. Ikiwa ni 127.0.0.1 pekee, inajibu maombi ya seva yenyewe tu. Pili, ruhusu poti 80 kwa amri sudo ufw allow 80/tcp. Katika swali letu hatua hii imefaulu, kwa hiyo tatizo liko mbele zaidi.

Hatua ya 3: Ruta. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za faragha; hazipitishwi kwenye intaneti. Mtu wa nje huiona anwani ya nje ya ruta tu. Ipe seva anwani isiyobadilika, kisha iagize ruta ielekeze maombi ya poti 80 kwenda 192.168.1.10.

Hatua ya 4: Mtoa huduma. Soma anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma anawagawia wateja wengi anwani moja ya umma. Hali hii ni ya kawaida kwa intaneti ya laini ya simu. Hapo kuelekeza poti kwenye ruta hakutasaidia. Shule ina njia tatu: kuomba anwani ya umma, kuhamishia tovuti kwa kampuni inayotunza tovuti, au kuifanya seva ianzishe njia iliyosimbwa kwenda kwenye kompyuta yenye anwani ya umma. Njia ya tatu hufanya kazi kwa sababu mawasiliano yameanzia ndani.

9.3 Majibu yanayopoteza alama

• "Zima ukuta wa moto." Seva itafikika, lakini kila huduma iliyo ndani yake itakuwa wazi pia. Jibu sahihi ni kufungua poti inayohitajika peke yake.

• "Fungua poti 3306 ili tovuti isome hifadhidata." Ikiwa Apache na MySQL ziko kwenye seva moja, huwasiliana humo humo. Poti hiyo ibaki imefungwa.

• Kuwasha ukuta kabla ya kuruhusu poti 22, huku unaiongoza seva ukiwa mbali. Utajifungia nje.

• Kutumia poti 80 pale wanafunzi wanapoandika nywila. Tumia 443 ili data isimbwe.

Angalizo: Fanya majaribio kwenye seva uliyoruhusiwa tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa.

9.4 Maswali ya kujipima

1. Seva inafunguka kwa http://localhost lakini haifunguki kwenye kompyuta nyingine za chumba hicho. Taja sababu mbili.
2. FTP hutumia poti 21 kwa maagizo, na poti nyingine kwa mafaili. Fundi ameweka pasv_min_port=40000 na pasv_max_port=40050. Ni poti ngapi zitafunguliwa kwa jumla?
3. Kwa nini majibu ya tovuti za nje hupita kwenye ukuta wa moto bila kanuni ya ziada?

Majibu

1. Programu inasikiliza kwenye 127.0.0.1 pekee, au ukuta wa seva umezuia poti husika.
2. Poti za mafaili ni 40050 – 40000 + 1 = 51. Ukiongeza poti 21, jumla ni 52.
3. Kwa sababu ombi lilianzia ndani, na ukuta unalikumbuka.